Barua ya Wazi kwa Walimu wa Kamukuywa: Barua ya Kuomba Kazi Ifundishwe Kama Hoja

Kwa walimu wa Kiswahili na Kiingereza wa shule za upili za Kamukuywa na Kimilili, pamoja na wakufunzi wa vyuo vya kiufundi vya Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia.

KUH: UFUNDISHAJI WA BARUA YA KUOMBA KAZI

Walimu waheshimiwa,

Barua hii inawaomba walimu wa lugha wa eneo la Kamukuywa wabadilishe namna wanavyofundisha barua ya kuomba kazi, yaani ile barua ya ukurasa mmoja ambayo mwombaji huiambatanisha na vyeti vyake ili kumweleza mwajiri kwa nini anafaa kuitwa kwenye usaili. Ombi lenyewe ni jepesi kulitaja ingawa si jepesi kulitekeleza: barua hiyo, ambayo kwa sasa hufundishwa kama umbo la kukaririwa, ifundishwe kama hoja, na hoja hapa ni dai linaloungwa mkono na ushahidi na kuelekezwa kwa msomaji fulani mwenye haja fulani. Kijana anayemaliza shule akijua mahali pa kuweka anwani, lakini asijue la kusema baada ya anwani hiyo, ameandaliwa kwa ajili ya mtihani tu, na mtihani huisha Novemba.

Chanzo cha hali hiyo kinaeleweka. Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, swali la kwanza, ambalo ni la lazima, huwa la insha ya kiuamilifu, yaani utungo wenye kazi maalumu katika maisha kama vile barua rasmi, ripoti, hotuba, kumbukumbu za mkutano au tawasifukazi, na insha hiyo hutuzwa kwa alama 20. Kinachoonekana kwanza na mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake ni sura ya barua: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo wa heshima, kichwa kinachotanguliwa na KUH au MINTARAFU, mwili, kimalizio cha "Wako mwaminifu", sahihi na jina. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na vipindi vichache vya kumaliza mada hiyo hufundisha kile kinachopimika kwa urahisi, wala hakuna anayestahili kulaumiwa kwa hilo. Umbo nalo si la kudharauliwa, kwa sababu barua isiyotaja nafasi inayoombwa, au isiyo na nambari ya simu inayopatikana, huwekwa kando kabla ya kusomwa. Tatizo ni kwamba umbo humeza kipindi kizima, na mwili wa barua, ambao ndio barua yenyewe, ukaachiwa maneno ya kuazima.

Maneno hayo ya kuazima yanajulikana na kila aliyewahi kuketi katika saiba, yaani duka la huduma za kompyuta, ya Kamukuywa, Kimilili au Kitale akingoja zamu yake ya kuchapiwa. Mwombaji "anaandika kuomba nafasi iliyotajwa hapo juu", yeye ni "mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu", anaweza "kufanya kazi na kila aina ya watu bila kusimamiwa", na "atashukuru sana ombi lake likifikiriwa". Mhudumu wa saiba anayo barua ya mfano tayari katika kompyuta, naye hubadilisha jina, tarehe na cheo, na siku ya pilikapilika nyingi husahau kubadilisha kimojawapo, hata ombi la kazi ya udereva likafika ofisini likimsifu mwombaji kwa mapenzi yake makubwa kwa watoto wa chekechea. Mhudumu huyo asihukumiwe, kwani analipwa kwa kuchapa, si kwa kufikiri kwa niaba ya mteja. Aliyepaswa kufika pale na rasimu yake mkononi ni mwanafunzi wa jana, na rasimu hiyo hakufundishwa kuiandika.

Ili ieleweke kwa nini barua ya namna hiyo haifui dafu, inafaa kuifuata safari ya ombi baada ya kufika ofisini. Taasisi yenye utaratibu, iwe ya umma, ya ushirika au ya binafsi, huanza kwa kuyaorodhesha maombi yote katika masijala, yaani ofisi ya kupokea na kutunza barua, kisha maombi hayo hupitishwa katika mchujo, ambao ni hatua ya kuwapunguza waombaji wengi hadi wabaki wachache wa kusailiwa. Anayefanya mchujo kwa kawaida huwa na jedwali mbele yake: majina ya waombaji yameshuka upande mmoja, masharti ya tangazo yamejipanga juu, sharti moja kwa kila safuwima, naye hutia alama pale anapouona ushahidi na kuacha pengo pale asipouona. Msomaji huyo hana kinyongo na mtu wala hana muda wa kubahatisha. Neno "mchapakazi" halina safuwima ya kuingia, kwa kuwa kila mwombaji amejiita hivyo na hakuna aliyejiita mvivu. Kinyume chake, sentensi inayosema kwamba mwombaji alitunza daftari la madeni la duka la pembejeo kwa misimu miwili, na kwamba mwenye duka yuko tayari kulithibitisha hilo, huingia moja kwa moja katika safuwima ya uzoefu na katika safuwima ya uaminifu, bila neno uaminifu kutajwa.

Hapo ndipo barua inapotofautiana na tawasifukazi, ambayo ni maelezo yaliyopangwa ya elimu, ujuzi na kazi alizowahi kufanya mtu. Tawasifukazi hukusanya yote, na barua huchagua machache yanayohusiana na tangazo moja. Mwombaji anayerudia katika barua yake shule ya msingi aliyosoma, mwaka aliohitimu na alama alizopata amempa msomaji kazi ya kusoma jambo lilelile mara mbili, na ameiacha tupu nafasi pekee ambayo angeweza kuitumia kueleza uhusiano kati ya aliyoyafanya na yanayohitajika. Uhusiano huo hauonekani wenyewe. Lazima uandikwe.

Historia ya eneo hili inalipa suala hili uzito ambao walimu wa historia, huenda kuliko walimu wa lugha, wangeutambua mara moja. Wakati wa ukoloni, mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalitegemea sana vibarua kutoka Kimilili na sehemu nyingine za Ububukusu, na hati iliyomzungumzia kibarua mbele ya mwajiri mpya ilikuwa kipande, kitambulisho kilichowekwa na sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, mara nyingi akikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kipande kilibeba alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara aliolipwa mtu huyo na tarehe za kuanza na kuacha kazi, na habari hizo za kazi ziliandikwa na mkono wa mwajiri. Mfanyakazi hakuwa na mstari hata mmoja wa kujieleza. Barua ya kuomba kazi, ikitazamwa kwa jicho hilo, ni hati ambamo mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeamua lipi lisemwe kumhusu, na kuijaza kwa sentensi za kunakili ni kuirudisha haki hiyo kwa hiari.

Hali ya ajira nayo imebadilika. Kizazi kilichofanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichosimama mwaka 2009, au katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, kinakumbuka vibarua waliosimama langoni alfajiri wakachaguliwa kwa macho. Leo nafasi nyingi zilizobaki kwa kijana wa Kamukuywa mwenye cheti zimetawanyika katika vyama vya ushirika vya maziwa, sako za akiba na mikopo, zahanati, shule za binafsi, maghala ya nafaka, idara za kaunti, na mashirika yanayowahudumia wakulima kama One Acre Fund, lililoanzia Bungoma mwaka 2006 na ambalo huwaajiri maafisa wa nyanjani kutoka vijijini. Waajiri wa aina hiyo hutaka maandishi kabla ya kumwona mtu, na wengi wao hawana idara kubwa ya wafanyakazi, hivyo barua husomwa na meneja yuleyule atakayefanya kazi na mwombaji kila siku, jambo ambalo kwa kweli humfaa mwombaji anayejua kuandika.

Mfano utasaidia. Ichukuliwe kwamba chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, cha kubuni, kimetangaza nafasi ya karani wa mapokezi ya maziwa, na tangazo linataka mtu mwenye cheti cha kilimo au cha teknolojia ya chakula, anayejua kupima ubora wa maziwa, anayeweza kutunza rekodi, na anayeelewana na wafugaji. Mwombaji ni msichana aliyehitimu katika chuo cha kiufundi na aliyefanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini yanayotakiwa na chuo, katika kituo cha kupozea maziwa. Barua yake ya kwanza, kwa mtindo uliozoeleka, ingesema kwamba ana cheti, kwamba ni mwaminifu, na kwamba yuko tayari kujifunza. Barua ya pili ingeweza kuwa na aya kama hii:

"Tangazo lenu linahitaji karani anayeweza kupima ubora wa maziwa na kutunza rekodi za wafugaji. Katika miezi mitatu ya atachimenti nilipokea maziwa ya wafugaji wapatao 60 kila asubuhi, nikiyanusa na kuyapima kwa laktomita na kwa alkoholi, kisha nikiandika lita za kila mfugaji katika daftari na katika kompyuta. Kila Jumamosi nililinganisha jumla ya daftari na kipimo cha tangi, na tofauti ilipozidi lita tano nilimwandikia msimamizi maelezo. Msimamizi huyo ni mmoja wa warejelewa wangu. Nazungumza Lubukusu na Kiswahili, na nimezoea kumweleza mfugaji kwa heshima sababu ya maziwa yake kukataliwa."

Aya hiyo haina neno hata moja la kujisifu, hata hivyo meneja wa ushirika akiisoma ataona mambo ambayo mwombaji hakuyatamka. Laktomita ni kifaa kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake yakilinganishwa na maji, hivyo hufichua maziwa yaliyotiwa maji, na kipimo cha alkoholi, ambapo kiasi kidogo cha maziwa huchanganywa na alkoholi ya kiasi hichohicho, hugandisha maziwa yaliyoanza kuchachuka. Anayevitaja vipimo hivi kwa mpangilio wake, akianza na pua, amewahi kusimama mbele ya foleni ya mitungi. Ulinganishaji wa daftari na tangi unaonyesha kwamba anajua mahali ambapo hasara na wizi hujificha. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa ugomvi mkubwa wa ushirika wowote wa maziwa hutokea pale mfugaji anaporudishiwa mtungi wake mbele ya majirani, na meneja anayetafuta karani kwa hakika anatafuta mtu wa kumwondolea ugomvi huo. Tangazo lilisema tu "anayeelewana na wafugaji". Mwombaji aliisoma haja iliyokuwa nyuma ya maneno hayo, na stadi hiyo ya kusoma tangazo ndiyo inayopaswa kufundishwa kabla ya stadi ya kuandika barua.

Pingamizi litakalotolewa darasani linajulikana: mwanafunzi aliyetoka Kidato cha Nne hana kazi aliyowahi kufanya, basi ushahidi atautoa wapi? Pingamizi hilo halina nguvu sana katika eneo la wakulima, ambako ni vigumu kumpata kijana wa miaka 18 asiyewahi kubebeshwa jukumu lenye matokeo yanayopimika, ila hakuna aliyemwambia kwamba jukumu hilo ni la kuandikwa. Aliyekuwa katibu wa chama cha vijana cha kuweka akiba ameandika kumbukumbu, ametunza pesa za watu na amewakabili wadaiwa wa umri wa wazazi wake. Aliyekuwa mweka hazina wa kwaya ametoa hesabu mbele ya waumini. Aliyesaidia nyumbani kuandaa mahindi ya kuuzia Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao anajua kwamba unyevu hautakiwi kuzidi asilimia 13.5, anajua gunia lililokaushwa na lile lililoanikwa juujuu, na ujuzi huo ni sifa halisi mbele ya mwenye ghala la nafaka la Kitale, ambaye pengine amewahi kupata hasara kwa kumwajiri mwenye diploma asiyetambua harufu ya mahindi yaliyoanza kuvunda. Hata mwendesha bodaboda anayekumbuka wateja wake wa kila siku, anayelipa ada za sako yake kwa wakati na ambaye hajawahi kupoteza mzigo aliotumwa ana aya mbili nzuri za kuiandikia kampuni ya usafirishaji wa vifurushi. Kazi ya mwalimu hapa ni kuuliza maswali hadi mwanafunzi ayatoe mambo haya: ulifanya nini hasa, kwa muda gani, kwa kiasi gani, nani aliona, na nini kilibadilika kwa sababu yako. Mwanafunzi asiyeulizwa ataandika kwamba ni mchapakazi.

Ipo pia desturi ya kuomba kazi kwa kuombea huruma, ambayo huchanganywa na adabu. Barua nyingi hueleza kwamba mwombaji ni yatima, kwamba anasomesha wadogo zake, kwamba ameketi nyumbani tangu amalize chuo, na hufunga kwa kumwombea msomaji baraka. Mambo hayo yanaweza kuwa kweli tupu, na mtu mwenye utu ataguswa nayo, lakini jedwali la mchujo halina mahali pa kuyaweka, na afisa anayempa mtu kazi kwa sababu ya huruma amemnyima mwingine aliyestahili, naye anaweza kutakiwa kujieleza. Adabu ya barua rasmi iko katika kumtaja mwandikiwa kwa cheo chake, kutumia lugha safi, kusema ukweli na kutompotezea muda. Haidai mwandishi ajishushe. Mila za eneo hili za kumheshimu mkubwa hazijawahi kumkataza kijana kusema wazi analoliweza, ilimradi aliseme kwa kiasi na awe na shahidi.

Kuhusu lugha, Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ingawa matangazo mengi ya kazi bado hutolewa kwa Kiingereza na barua nyingi hujibiwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hujifunza barua moja mara mbili, kwa walimu wawili wasiozungumza juu yake, huku kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyefundisha maudhui. Inafaa walimu wa Kiswahili na wenzao wa Kiingereza wagawane kazi: uchambuzi wa tangazo na ukusanyaji wa ushahidi vifanywe mara moja, kwa lugha ambayo mwanafunzi hufikiri vizuri zaidi, kisha umbo la kila lugha lifuate baadaye. Aliyezoea kutoa ushahidi kwa Kiswahili atautoa pia kwa Kiingereza chake, hata kikiwa cha kujikwaa.

Yapo mambo ambayo barua haihitaji kuyabeba. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi kama vile dini, kabila, jinsia, ulemavu au ujauzito, kwa hiyo mwombaji hana sababu ya kumpa msomaji habari hizo kwa hiari, isipokuwa pale fomu rasmi ya umma inapouliza. Fomu za kaunti zinaweza kuuliza kabila kwa sababu inayoeleweka, nayo ni kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 65, inazitaka bodi zizingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti. Swali likiulizwa kwenye fomu, lijibiwe kwenye fomu. Na kuhusu namna ya kuituma, mwombaji anayetumia baruapepe aandike nafasi na nambari ya tangazo katika kichwa cha ujumbe, atumie anwani yake mwenyewe badala ya ile ya saiba, na aipe faili jina lake badala ya "barua mpya 2". Hayo yanatosha, na yanafundishika kwa dakika kumi.

Litakalozua mjadala mrefu zaidi ni lile linalosemwa kila mahali kuanzia stendi ya matatu hadi ukumbi wa walimu: kwamba barua haina maana kwa kuwa kazi hutolewa kwa kujuana, na asiye na mtu wake ndani anapoteza karatasi bure. Barua hii haikanushi kwamba upendeleo upo. Hata hivyo, kauli hiyo ikifundishwa kwa watoto kama sheria ya maumbile, humnufaisha mwenye upendeleo pekee, kwa sababu pale ambapo hakuna ombi lililoandikwa vizuri hakuna pia ushahidi kwamba aliyestahili aliachwa. Katika nafasi za kaunti, kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaitaka bodi ya utumishi wa umma itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi kadiri iwezekanavyo, hasa wale walioachwa nyuma, na sheria hiyohiyo inaitaka itunze rekodi ya maombi yaliyopokelewa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kushughulikia ombi la habari, huku Tume ya Utumishi wa Umma ikiwa na mamlaka ya kusikiliza rufaa zinazotokana na utumishi wa umma wa kaunti. Mwombaji aliyehifadhi nakala ya barua yake, yenye tarehe, nambari ya tangazo na majibu ya kila sharti, ana kitu cha kuweka mezani akiamua kuuliza. Aliyetuma barua ya saiba hata mwenyewe hakumbuki aliandika nini.

Neno dogo linahitajika kuhusu programu za akili unde, ambazo sasa humwandikia mtu barua nzima kwa sekunde chache kwenye simu. Programu hizo ni saiba ile kwa sarufi bora: zisipopewa ushahidi, hurudisha maneno laini yanayomfaa kila mtu na kwa hiyo yasiyomfaa yeyote, tena huweza kubuni uzoefu ambao mwombaji hana na ambao utamwaibisha katika usaili. Mwanafunzi mwenye ushahidi wake tayari anaweza kuzitumia kunyoosha lugha, na hakuna faida ya kumpiga marufuku.

Ni haki kukiri kwamba walimu wanaombwa kufundisha jambo ambalo wengi wao hawakulihitaji sana, kwa kuwa Tume ya Kuwaajiri Walimu huwapanga waombaji kwa mwongozo wa alama unaozingatia vyeti na muda tangu kuhitimu, ambao ufasaha wa barua hauna nafasi kubwa ndani yake. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba darasani yatumike matangazo halisi, yale ya bodi za kaunti, ya gazeti la MyGov na yaliyobandikwa kwenye ofisi za machifu, badala ya tangazo la kubuni lenye mistari miwili ambalo halina haja yoyote ya kusomwa. Wanafunzi wagawiwe tangazo, watengeneze wenyewe jedwali la mchujo, kisha wabadilishane barua na kila mmoja amsahihishe mwenzake kwa jedwali hilo. Atakayeona mapengo katika barua ya rafiki yake ataelewa kwa nini yake haikujibiwa. Katika mitihani ya mwigo ya shule, ambayo walimu huitunga wenyewe, alama za maudhui zitolewe kwa masharti yaliyojibiwa kwa ushahidi, si kwa idadi ya hoja zilizoorodheshwa. Vyuo navyo viwatake wanafunzi walio kwenye atachimenti waandike kila Ijumaa mistari mitano ya walichokifanya, pamoja na kiasi na jina la aliyeshuhudia, kwa sababu mwaka mmoja baadaye tarakimu hizo huwa zimesahaulika na linalobaki ni neno "nilisaidia".

Bodi za utumishi wa umma za kaunti hizi mbili zinapelekewa nakala kwa ajili ya ombi moja linalozihusu, nalo ni kwamba kila tangazo lieleze kwa sentensi moja au mbili kile ambacho barua ya mwombaji inatakiwa kuonyesha, na kwamba tangazo hilo lipatikane kwa Kiswahili pia, ili mwalimu wa Kamukuywa awe na kitu cha kufundishia Jumatatu.

Nakala:
Bodi ya Utumishi wa Umma, Kaunti ya Bungoma
Bodi ya Utumishi wa Umma, Kaunti ya Trans Nzoia